Lori limesimama Namanga: pa kutafuta kosa kwenye karatasi za mzigo

Simu huwa inaingia saa mbili usiku. Dereva anasema maneno mawili tu, "Bosi, wamekataa," kisha salio linakata. Mwenye mzigo ananipigia mimi, na kabla sijauliza lolote ameshaanza kunitajia wakubwa anaowafahamu Dodoma. Kazi yangu ni kuandaa karatasi za mazao yanayotoka Arusha, Manyara na Tanga kwenda Kenya na mbele ya Kenya, na kwa miaka niliyokaa nayo nimeona simu ya mkubwa ikisogeza lori mara chache sana. Kosa linalojitokeza mpakani huwa limezaliwa siku nyingi nyuma, ghalani, kwenye mizani ya kijiji, au kwa kijana aliyejaza fomu huku akiwaza nauli ya kurudi nyumbani.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kwa kuwa ndivyo tatizo linavyomjia mtu. Hakuna anayeamka akisema "leo tamko langu la ziada lina kasoro". Anaamka kaambiwa lori limesimama.

Kabla ya yote: nani hasa amezuia?

Usiridhike na "wamekataa". Muulize dereva aliyekataa amevaa sare gani, amekaa dirisha gani, na ameandika nini. Mwambie apige picha karatasi aliyopewa, hata kama ni kipande chenye mwandiko wa kalamu. Mpakani kuna madawati yasiyopungua manne yanayoweza kusimamisha mzigo wa mazao, na kila moja lina karatasi yake. Forodha wanataka tamko la forodha na cheti cha uasili. Watu wa afya ya mimea wanataka cheti chao pamoja na kibali cha nchi inayopokea. Wa viwango wanataka majibu ya maabara au alama ya ubora. Halafu kuna mizani. Ukimpelekea mtu wa afya ya mimea cheti cha uasili, atakutazama tu.

Kuna mtego hapa unaowapoteza hata wazoefu. Namanga ni kituo cha huduma kwa pamoja, kilichozinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018. Gari linalotoka Tanzania halisimami jengo la Tanzania. Linapitiliza hadi jengo la upande wa Kenya, na humo wamekaa maofisa wa nchi zote mbili, wa kwetu wakikutoa na wa kwao wakikupokea. Kwa hiyo dereva akisema "Wakenya wamenizuia", huenda aliyemzuia ni Mtanzania mwenzake aliyekaa chumba cha pili, na dawa iko Arusha. Nimeshamwona mfanyabiashara akigombana na mnunuzi wake wa Nairobi tangu asubuhi hadi jioni kwa kibali ambacho kilikuwa kimekwama upande wetu.

Dalili: cheti cha afya ya mimea kimekataliwa

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, kwa hiyo na wewe vumilia kidogo.

Cheti hiki kwa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Wengi wanakichukua kama risiti: nimelipa, nimepewa, kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba ile ni barua ya serikali moja kwenda serikali nyingine, ikisema "tumekagua mzigo huu, hauna wadudu wala magonjwa mnayoyaogopa." Wewe mwenye mzigo ni mbeba barua tu. Ukishalielewa hilo, sababu nyingi za kukataliwa hazikushangazi tena.

Sababu ninayokutana nayo zaidi kwa mizigo ya nafaka na mikunde ni jina la zao. Chukua dengu. Mtanzania akisema dengu anamaanisha ile punje yenye kinundu kama mdomo wa ndege, Cicer arietinum. Mkenya akisema ndengu anamaanisha choroko zetu za kijani, Vigna radiata. Mnunuzi wa Nairobi anapiga simu Babati anaagiza "ndengu tani ishirini". Muuzaji anaandika dengu kwenye ombi la cheti, halafu anapakia choroko kwa sababu picha aliyotumiwa ni ya choroko. Kibali cha Kenya kinasema Vigna radiata, cheti cha Tanzania kinasema Cicer arietinum, na ndani ya gunia kuna choroko. Pale dirishani hakuna anayetaka kusikia hadithi ya lugha mbili zinazofanana. Ndiyo maana cheti kina nafasi ya jina la kisayansi. Mwombe mnunuzi akutumie jina hilo kwa maandishi: mbaazi ni Cajanus cajan, kunde ni Vigna unguiculata, maharage ni Phaseolus vulgaris, tangawizi ni Zingiber officinale, parachichi ni Persea americana. Yaandike ukutani. Mimi yangu yako nyuma ya mlango.

Sababu ya pili ni kibali cha nchi inayopokea. Kwa mazao yanayodai kibali, mtu wa kukiomba ni mnunuzi, siyo wewe. Kwa Kenya hukipata KEPHIS, shirika lao la ukaguzi wa afya ya mimea. Ndani yake kuna masharti, na mara nyingine kuna sentensi ambayo ni lazima ionekane kwenye cheti chako neno kwa neno. Hiyo ndiyo inaitwa tamko la ziada: kwamba shamba lilikaguliwa wakati wa msimu, kwamba eneo halina mdudu fulani, kwamba mzigo ulipigwa dawa ya moshi kwa kiwango fulani. Mkaguzi wa TPHPA hawezi kuiandika sentensi ambayo hajaiona, wala hawezi kuthibitisha ukaguzi wa msimu kwenye shamba aliloonyeshwa baada ya mavuno. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kibali cha mnunuzi kwanza, ombi la ukaguzi baadaye, kupakia mwisho. Wengi wetu tunapakia kwanza. Tunaona lori likiwa tupu linakula pesa.

Tarehe nazo huangusha watu kimyakimya. Ukaguzi hufanyika kabla mzigo haujaondoka nchini. Cheti chenye tarehe ya baada ya lori kuvuka ni sawa na kusema mkaguzi alikagua hewa. Na kipo kinyume chake: mtu anachukua cheti mapema, mnunuzi anaahirisha, cheti kinazeeka mezani. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unataka kiwe kimetolewa ndani ya siku 14 kabla ya mzigo kuondoka. Ukiahirisha safari, rudi kwa mkaguzi. Usibadilishe tarehe mwenyewe.

Na hilo la kubadilisha nalisema kwa ukali. Ukifuta, ukichovya wino mweupe, au ukiongeza sifuri moja kwa kalamu ya rangi ileile, cheti chote kimekufa, hata kama ulichorekebisha kilikuwa kweli kosa la herufi. Marekebisho hufanywa na aliyekitoa, kwa sahihi na mhuri wake, na kwa uzoefu wangu ni haraka zaidi kuomba kipya. Kijana mmoja alirekebisha namba ya gari baada ya lori la kwanza kuharibika Longido. Alitaka tu kusaidia. Mzigo ulilala siku mbili kwa tarakimu moja.

Kama cheti kiko safi na bado kimekataliwa, tazama chini ya mzigo. Pale za mbao, yaani yale majukwaa ya kupangia mzigo, na makreti zina sheria yake duniani kote: mbao imenywe magome, ipashwe joto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, kisha igongwe muhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi za nchi na herufi HT. Kuna pia njia ya gesi, nayo huandikwa MB, lakini nchi kadhaa haziipendi. Fundi seremala wa mtaani atakutengenezea pale nzuri na imara kwa nusu bei, na pale hiyo ndiyo itakayorudisha kontena lako la parachichi. Parachichi lenyewe halina kosa.

Dalili: "mahindi yana sumukuvu"

Hapa karatasi haiwezi kukuokoa, na ni vizuri ukalijua hilo mapema.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na ile ya aina ya B1 isiyozidi 5. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Wafanyabiashara wengi walianza kuyajua haya kwa uchungu mwezi Machi 2021, Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumukuvu, na ijulikane ulikotoka.

Tatizo ninaloliona mara nyingi ni hili: karatasi ya maabara inasema 4, kipimo cha mpakani kinasema 23, na mwenye mzigo anaapa kwamba amehujumiwa. Huenda hakuhujumiwa. Ukungu unaotoa sumu hii hauenei sawasawa kama chumvi kwenye maji. Unakaa kwa mafungu. Gunia moja linaweza kuwa chafu sana na majirani zake tisa yakawa safi. Sasa ukichota kilo moja kutoka gunia la juu karibu na mlango wa ghala ukaipeleka maabara, umepima lile gunia tu. Sampuli inayoaminika huchotwa kwa bambo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, inachanganywa, inasagwa yote, ndipo inapimwa. Na mzigo uliopimwa ndio uwe uleule unaopakiwa. Ukiongeza magunia arobaini ya shemeji yako dakika ya mwisho ili lori lijae, majibu ya maabara yamebaki ghalani.

Halafu kuna turubali. Mahindi yamekauka vizuri, asilimia 13, yanapakiwa mchana wa jua, yanafunikwa, lori linalala siku tatu kwenye baridi ya usiku. Asubuhi dereva akifunua anakuta upande wa ndani wa turubali unachuruzika maji. Hapo unyevu unapanda magunia ya juu, na ukungu unaamka. Dereva wa mahindi namwambia afunue kila asubuhi kama hakuna mvua.

Kukausha upya kunazuia sumu isiongezeke, ila iliyokwishaingia haitoki, wala haitoki kwa kuchemsha. Kuchambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi kunapunguza, na wakati mwingine kunatosha kushusha kiwango. Kama umekwama na 23, pakua, chambua, pima upya. Kuzunguka maabara tatu ukitafuta itakayokupa namba unayoipenda ni njia ya kulipia lori siku tano na kurudi palepale.

Dalili: "wananidai ushuru, na sisi si ni Afrika Mashariki?"

Ndiyo, bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya haidaiwi ushuru wa forodha ikivuka kwenda nchi nyingine mwanachama. Lakini ofisa hawezi kujua kwa kutazama kitunguu kwamba kimelimwa Mang'ola. Kinachomwambia ni cheti cha uasili. Kama hukiombi, mzigo wako unahesabiwa kama umetoka popote duniani.

Kwa mzigo mdogo kuna njia fupi ambayo akina mama wengi wa sokoni hawaambiwi: cheti cha uasili kilichorahisishwa, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kwa mzigo. Kinajazwa palepale mpakani na ni bure. Mtu akikudai pesa ya hicho cheti, muulize risiti. Kuna wanaogawa mzigo wa dola 7,000 mafungu manne ili kila fungu liingie chini ya kiwango. Maofisa wanaujua mchezo huo vizuri, na lori moja lenye vyeti vinne vya mtu mmoja halijifichi.

Elewa pia kwamba kusamehewa ushuru wa forodha si kusamehewa kila kitu. Ushuru wa mazao wa halmashauri, ada ya ukaguzi, ada ya maabara, kodi ya upande wa pili, hivyo vina milango yake. Mara nyingi mtu anayelalamika "wamenitoza ushuru" ukiangalia risiti unakuta ni kitu kingine kabisa.

Kwa Ulaya utaratibu ni tofauti. Tanzania inanufaika na mpango wa nchi zenye maendeleo duni, na muuzaji anajithibitishia uasili mwenyewe kwa kuandika tamko kwenye ankara. Mzigo usiozidi yuro 6,000 yeyote anaweza kuandika. Zaidi ya hapo ni lazima uwe umesajiliwa kwenye REX, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kusajili wauzaji. Kenya haimo kwenye mpango huo. Ina mkataba wake na Umoja wa Ulaya ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Usichukue ankara ya rafiki yako wa Nairobi ukaiga maneno yake, maana sentensi yake si yako.

Dalili: uzito haulingani

Jibu lake karibu kila mara ni neno moja: lumbesa.

Vitunguu vya Mang'ola, kwa mfano. Ankara inasema magunia 200 ya kilo 100, yaani kilo 20,000. Cheti cha afya ya mimea kinasema hivyohivyo, tamko la forodha hivyohivyo. Lakini gunia limejazwa hadi mdomoni, likaongezewa kofia ya wavu juu na kushonwa, na likipimwa linasoma 124. Zidisha kwa 200 unapata kilo 24,800. Kwa hiyo kuna kilo 4,800 za vitunguu zinazosafiri bila karatasi yoyote duniani, na mizani ndiyo inayozitangaza. Mwenye mzigo hakukusudia kuficha kitu. Amenunua kwa gunia, anauza kwa gunia, kilo ni jambo la watu wa ofisi. Forodha wanaliita kudanganya uzito. Wakala wa Vipimo nao wana lao, kwa kuwa gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100.

Dawa ni kupima kabla ya kuandika, na kuandika ulichopima. Uzito wa mzigo peke yake uwe mstari wake, uzito pamoja na vifungashio mstari wake. Namba hizo mbili zikikaa sawa kwenye ankara, orodha ya vifungashio, cheti na tamko, umeshaondoa nusu ya usumbufu wa Namanga. Na anayeumia na lumbesa hata kabla ya mpaka ni mkulima, ila hiyo ni kesi nyingine.

Dalili: unga una alama ya ubora, na bado wanataka kuupima upya

Sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 inazitaka nchi wanachama zitambue alama ya ubora iliyotolewa na mwenzao. Ukizuiwa, angalia kwanza kama leseni yako ya alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, bado ni hai na kama inataja bidhaa hiyohiyo na jina hilohilo la kibiashara lililo kwenye mfuko. Mtu ana leseni ya sembe, anapeleka dona. Hiyo siyo dhuluma.

Dalili: mfumo haulitambui jina la kampuni

Kibali cha kusafirisha mazao kinaombwa kwenye mfumo wa Wizara ya Kilimo, tamko linaingia mfumo wa forodha, namba ya mlipakodi iko TRA, usajili wa kampuni uko kwa wakala wa usajili, BRELA. Kila mfumo unamuuliza mwenzake. Kampuni imesajiliwa "Traders", leseni imeandikwa "Trader", ankara imeandikwa jina la mama mwenye kampuni. Kwa binadamu ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni watu watatu. Sahihisha kuanzia juu: BRELA, kisha TRA, kisha leseni, ndipo urudi kwenye kibali. Ukianzia chini utarekebisha mara mbili.

Ugonjwa huuhuu unawapata wateja wangu wanaouza pia kwa serikali, wale wenye mkataba wa maharage kwa shule za bweni au mchele kwa taasisi. Tangu TANePS, mfumo wa zamani wa zabuni za serikali mtandaoni, izimwe mwaka 2023 na NeST kushika nafasi yake, kila zabuni ya umma inapitia huko, na NeST inachota taarifa zako BRELA, TRA na NIDA. Mtu ananiambia "zabuni naiona lakini siwezi kuiomba." Sababu ya kwanza ni aina ya biashara uliyojiandikisha: umejiandikisha kwa usafirishaji, zabuni ni ya vyakula. Sababu ya pili ni leseni iliyoisha muda. Ya tatu ni kwamba zabuni hiyo imetengwa kwa makundi maalumu, vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, ambao sheria inawatengea asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi, na wewe kikundi chako hakijasajiliwa kama kundi maalumu.

Ukienguliwa na unaona umeonewa, lalamika kwanza kwa Afisa Masuuli wa taasisi iliyotangaza zabuni. Usipotosheka, ndipo unakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Muda wa kulalamika unahesabiwa kwa siku chache za kazi tangu upate taarifa, kwa hiyo barua ya "nitafakari kwanza" ndiyo iliyowakosesha wengi haki yao. Anayeanza kwa mkuu wa mkoa anapoteza hizo siku akisubiri miadi.

Na kuna "nimepeleka mzigo, miezi minne sijalipwa." Nauliza: nani alipokea? "Stoo kipa, Ijumaa saa kumi na moja jioni." Basi hapo ndipo palipo na kidonda. Mzigo wa serikali hukaguliwa na kupokelewa na kamati ya ukaguzi na mapokezi, inayoandika taarifa yake. Bila taarifa hiyo mhasibu hana cha kuambatanisha na ankara yako, hata kama maharage yalishaliwa. Peleka siku ya kazi, asubuhi, ukiwa na nakala ya oda, na usiondoke bila sahihi za kamati. Risiti ya mashine ya EFD itoke kwa jina kamili la taasisi kama lilivyo kwenye oda.

Dalili: mzigo ulifika Ulaya, kisha ikarudi barua

Barua hizi zina aina mbili, na watu wanazichanganya.

Moja ni ya mdudu. Kwa pilipili hoho na pilipili kali adui mkubwa ni nondo anayeitwa kitaalamu Thaumatotibia leucotreta, ambaye kiwavi wake hujichimbia ndani ya tunda na kuacha tundu dogo lisiloonekana mpaka ukate. Kwa embe ni inzi wa matunda. Tangu Desemba 2019 karibu kila tunda linaloingia Umoja wa Ulaya linadai cheti cha afya ya mimea. Yaliyosamehewa ni matano tu, nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Ukipata barua ya mdudu, usianze na dawa. Anza na cheti: tamko la ziada lilitaja njia ipi ya kudhibiti, na je, shambani ndiyo mliyoifuata? Mara kadhaa nimekuta tamko linasema mazao yalilimwa ndani ya nyumba ya wavu, na ukifika shambani wavu una matundu ya kupitisha kuku.

Nyingine ni ya masalia ya viuatilifu. Pale ambapo Ulaya haijaweka kiwango maalumu, kiwango ni miligramu 0.01 kwa kilo, ambayo kwa lugha ya shambani ni sawa na hakuna kabisa. Klopirifosi, ambayo wazee wetu wa mboga wameizoea, iliondolewa kwenye orodha yao mwaka 2020. Chunguza daftari la upuliziaji: dawa gani, tarehe gani, siku ngapi kabla ya kuvuna. Kama daftari limeandikwa lote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja siku moja, mkaguzi wa mnunuzi atalitambua kabla hajamaliza chai yake.

Kwa parachichi la China, kosa huwa mapema zaidi. Itifaki iliyosainiwa Novemba 2022 inataka shamba na ghala la kufungashia viwe vimesajiliwa na kukubaliwa na forodha ya China. Tunda zuri kutoka shamba lisilo kwenye orodha haliendi.

Dalili: kila kitu kiko sawa na lori halijasogea

Hii ndiyo inayonichekesha na kunichosha. Nimekagua majina, uzito, tarehe, tamko. Ofisa naye amesema hana tatizo na mzigo. Dereva bado yuko palepale. Namuuliza, cheti halisi kiko wapi? "Ninacho hapa kwenye simu, bosi alinitumia WhatsApp." Na cheti chenyewe chenye mhuri kiko Arusha, kwenye droo ya bosi, amekitunza kisije kikapotea.

Kuna nchi zinazopokeana vyeti kwa mfumo wa kielektroniki, na huko karatasi haina kazi. Muulize ofisa kama mzigo wako uko kwenye utaratibu huo kabla ya kuhangaika. Kama hauko, kutoka Arusha hadi Namanga ni kilomita kama 110. Weka cheti kwenye bahasha ngumu, andika namba ya gari na simu ya dereva juu yake, mpe dereva wa Noah ya kwanza ya alfajiri, na chukua namba yake ya simu kabla hajaondoa gari.